Sanduku Nililolichomelea

"Baba, nimekuuliza mara ya tatu. Cheti cha kifo cha mama kiko wapi?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya geti la watu, miwani nyeusi usoni, kijiti cha kuchomelea kinawaka mkononi. Nikajifanya sisikii. Binti yangu akazunguka nyuma yangu, akachomoa waya wa mashine ukutani. Moto ukazimika.

"Sasa unasikia?"

"Nimesikia. Kimepotea."

"Kimepotea wapi? Wewe mpaka karatasi ya dhamana ya redio iliyokufa unayo. Cheti cha mama ndicho kipotee?"

"Vitu vinapotea."

"Vua hiyo miwani uniangalie."

Sikuvua.

"Haya, nisikilize hivyo hivyo. Miadi yangu ya viza ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Leo Jumatatu. Nina miaka kumi na saba. Ambaye hajatimiza kumi na nane anasainiwa na wazazi wote wawili. Kama mmoja amefariki, wanataka kuona cheti chake. Bila cheti hawapokei faili, na bila faili sina viza. Chuo kinafungua mwezi ujao, baba."

"Kwa hiyo wanataka marehemu afufuke aje asaini? Basi wamtumie na yeye barua ya mwaliko."

Zamani angecheka. Safari hii alinitazama tu, amelikumbatia faili lake la plastiki kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Wanataka karatasi tu. Wewe umegombana na karatasi?"

"Nimegombana na wenye kuzitaka."

"Sawa. Naenda ofisi ya vizazi na vifo nikaombe nakala."

"Nenda. Watakuambia mtandao uko chini."

Saa nane mchana simu yangu ikalia. Ujumbe wake: "Wamesema mtandao uko chini. Ukirudi, nakala inachukua wiki sita. Umefurahi?"

Ningekuwa mtu mwema ningesema sikufurahi.

Cheti hakikupotea. Kilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, ndani ya sanduku la chuma nililolikata na kuliunga kwa mikono yangu. Siku ya tatu baada ya mazishi ya mke wangu nilikusanya karatasi zake zote, nikazitia humo, nikateremsha mfuniko. Sikutia kufuli. Kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mtu wa kuuokota. Nilichukua mashine nikauchomelea ule mfuniko pande zote nne, mpaka sanduku likawa kitu kimoja kisicho na mlango. Miaka kumi limekaa hivyo. Ndani yake pamoja na cheti mna bahasha moja, na hiyo bahasha ndiyo iliyonifanya nimdanganye mtoto.

Tangu siku ile sijawahi kuchomelea peke yangu. Asiyeijua kazi hii haelewi. Ukiteremsha ile miwani dunia yote inapotea, unabaki na nukta moja ya moto na giza pembeni. Mke wangu anakaa katika lile giza. Anakuja kusimama bega la kushoto, mchana kweupe, watu wanapita barabarani na redio ya jirani inaimba. Anakohoa mara mbili. Kisha ananiita vile alivyokuwa akiniita, "Fundi wangu." Nikivua miwani hayupo. Nikivaa, yupo.

Jumatatu ile baada ya kusoma ujumbe nilivaa tena miwani.

"Fundi wangu," akasema, "Alhamisi si mbali."

*

Mke wangu nilimpata kwa kidonda. Cheche iliniingia kwenye kiganja, nikakaa nayo siku nzima, kesho yake nikaenda zahanati. Nesi aliyenipokea alikuwa mfupi, ana kofia iliyokaa upande, ana macho ya mtu anayekagua mzigo.

"Umeungua lini?"

"Jana."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nauguza geti la tajiri."

"Na hapa umepaka nini?"

"Dawa ya meno."

"Ili mkono utabasamu?"

Nikacheka, na yeye akabana kidonda kwa makusudi nikaacha kucheka.

"Sista, nikirudi kesho nitakukuta wewe?"

"Ukija na kidonda utanikuta. Ukija na mdomo, panga foleni. Wenye midomo ni wengi."

Kidonda kilipona kwa wiki mbili, mimi nikaendelea kwenda miezi mitatu. Mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeajiriwa. Nikamwoa. Yeye ana vyeti ukutani, mimi niliishia darasa la saba na lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Hakuwahi kunisimanga. Jioni alikuwa ananiosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga laini, kidole kimoja kimoja, mpaka grisi itoke kwenye kucha. Tukapata binti.

Mtoto alipofika miaka sita, siku moja mke wangu aliingia mbio, viatu mkononi.

"Nimepata!"

"Umepata nini? Mimba?"

"Chuo! Kule nje! Miaka miwili, uuguzi wa wagonjwa mahututi. Wanalipa wao kila kitu. Kilichobaki ni viza."

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia kwa nguvu ili asinione uso.

Hapo ndipo karatasi zilipoingia nyumbani kwetu kama wageni wasioaga. Picha zikarudishwa kwa sababu sikio moja halionekani. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na pasipoti, akaapishwe. Barua ya polisi, barua ya mwajiri, tafsiri ya cheti cha ndoa yenye muhuri, halafu muhuri wa kuthibitisha ule muhuri. Wenye ofisi wamezoea kututembeza. Kila dirisha linakutuma dirisha lingine, na la mwisho linakuuliza nani alikutuma.

Kijiweni kwangu watu walikuwa wamepata la kusema.

"Fundi, huyo akipanda ndege umebaki kuchomelea upepo."

"Atarudi anaongea kwa puani. Atakuuliza, samahani, wewe ndiye yule bwana wa mageti?"

Nilikuwa nacheka nao. Halafu nikirudi nyumbani ule mzaha unanifuata hadi mezani.

Jumapili moja alasiri anapiga pasi sare yake, fomu ya viza imetandazwa kitandani. Nikachungulia.

"Hapa umeandika nini?"

"Kazi ya mume. Fundi wa chuma."

"Umeandika fundi tu?"

"Ulitaka niandike waziri?"

"Ukifika kule utanisahau."

Akasimamisha pasi. "Nikusahau vipi, na harufu yako ya chuma iko mpaka kwenye mto wangu?"

"Watu wanasema..."

"Watu hawalali kwenye mto wangu. Miaka miwili, Fundi wangu. Nikirudi mshahara ni mwingine, na wewe unakodi karakana yenye paa. Unanizuia?"

"Nikuzuie kwa nini? Nenda."

Nilisema nenda. Mdomo wangu ulisema.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya afya. Ubalozi ulikuwa na kliniki yake uliyoichagua, huwezi kupima pengine. Mke wangu akaenda Jumatano, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa majibu kesho. Kesho yake alikuwa zamu, akanituma mimi na kitambulisho chake.

Dirishani alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu. Alinisukumia bahasha kubwa ya kaki, imefungwa kwa gundi, na juu ya gundi wamepiga mihuri miwili.

"Isifunguliwe. Aipeleke hivi hivi siku ya miadi. Ikifunguliwa haifai tena."

"Ndani mna nini?"

"Majibu."

"Mazuri?"

"Baba, majibu ni ya ubalozi. Wewe ni mtu wa kuchukua."

"Na mwenye kifua chake? Akitaka kujua?"

"Atajulia huko huko. Anayefuata!"

Nimewachukia watu wale miaka kumi na bado sijamaliza. Walikuwa wameshaona. Daktari mzima aliiona ile picha, akaandika maneno yake, akakabidhi gundi ifanye kazi yake. Hakuna aliyenyanyua simu akamwambia mama wa watu, njoo haraka. Utaratibu hausemi hivyo. Utaratibu unasema funga.

Lakini hii ni simulizi yangu na siwezi kuiacha kwenye kucha za yule mwanamke. Nilitoka na bahasha kwapani. Simu ikatetemeka, ujumbe wa mke wangu: "Mume wangu umeipata? Jumatatu ndiyo miadi!! Siamini!!" Niliusoma nimesimama juani. Zile alama za mshangao zilinichoma. Nilifikiri, huyu hajawahi kunifurahia hivi.

Nikaandika kwa kidole kimoja: "Bado. Wanasema kesho."

Ni maneno matatu tu. Bahasha nikaipeleka nyumbani, nikaitia kwenye sanduku langu la spea, chini ya mabawaba.

Ijumaa aliniuliza tena.

"Wanasema mashine yao imeharibika."

Jumamosi akawapigia mwenyewe. Akarudi kwangu amekunja uso.

"Wanasema imechukuliwa tangu Alhamisi."

"Waongo! Wameipoteza hao, sasa wanakutupia wewe. Hujui ofisi za hapa?"

Aliniamini. Alikuwa anazijua ofisi za hapa kama mimi, ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri. Jumatatu akaenda ubalozini bila bahasha, akarudishwa mlangoni. Kupima upya kulitaka miadi mpya, miadi mpya ilikuwa baada ya chuo kufungua. Nafasi akapewa mwingine.

Alilia kifuani mwangu. Nami nikawa nampapasa mgongo, nasema, "Pole, mke wangu. Wana laana hao watu." Mgongo ule niliokuwa nampapasa, ndani yake kulikuwa na kitu kinakua.

*

Kikohozi kilianza miezi minane baadaye. Alidhani ni vumbi la wodini. Akanywa dawa za kikohozi, akabadilisha, akakonda. Alipokubali kupigwa picha, wenzake wa hospitali walianza kuongea naye kwa upole, na nesi akiongeleshwa kwa upole anajua. Uvimbe, pafu la kulia, umeshatembea.

Nilikuwa sijaunganisha. Naapa. Nilikuwa nimeisahau bahasha kama unavyosahau deni la uovu, kwa kuikwepa sana.

Siku moja saa nne asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua bisibisi. Nikamkuta amesimama dirishani amejifunga shuka, amelishikia pazia kwa kiwiko. Mikononi ameinua ile picha nyeusi ya kifua, mwanga wa jua unapita ndani yake. Nikaona mbavu zake juu ya kioo, na yeye nyuma yake.

"Nilikuwa natafuta mkasi," akasema bila kugeuka. "Nimefungua sanduku lako la spea."

Nikabaki mlangoni.

"Tarehe ni ya mwaka jana. Njoo uone."

"Mke wangu..."

"Njoo, usiogope, haiumi. Kiko hapa. Umekiona? Kidogo hivi, kama kunde. Na daktari ameandika, mgonjwa afanyiwe uchunguzi bila kuchelewa." Akaisoma mara mbili kwa sauti ya kazini, kama anamsomea mgonjwa mwingine. "Bila kuchelewa."

"Sikujua kilichomo. Walikataa kuniambia. Nilimuuliza yule dada, Mungu shahidi wangu, nilimuuliza!"

"Najua hukujua. Ungejua ungeificha?"

"Nisingeificha!"

"Kwa hiyo ulichoficha wewe ni safari tu."

"Nilidhani utaniacha."

Hapo akageuka. Nilitegemea hasira. Alikuwa ananikagua kama siku ile ya kwanza zahanati, anatafuta nimeungua wapi.

"Miaka minane ninakuosha mikono," akasema. "Kidole kimoja kimoja. Wewe ulidhani nakusafisha ili nikuache?"

Akateremsha picha, akairudisha ndani ya bahasha taratibu, akanipa.

"Irudishe ulipoificha."

Siku tisa hakusema na mimi. Siku ya kumi alisema, "Nipe maji." Nikampa. Tukaanza kuongea tena, ya maji, ya mtoto, ya dawa. Nilipiga magoti mara ngapi sijui. Kila nikianza, "Mke wangu, naomba..." anasema, "Fungua dirisha, kuna joto." Hakuwahi kusema amenisamehe. Hakuwahi kusema hajanisamehe. Akafa hivyo, akaniachia swali.

Msibani nilifanya kelele. Nilimkaba daktari shati mbele ya watu. Nikaitukana kliniki, ubalozi, serikali, waliouza dawa na waliozinyima. Watu waliniunga mkono, maana kila mmoja alikuwa na dirisha lake lililomfukuza. Mtaani wakaanza kuniita Mzee Lawama. Nikalipokea jina, lilinifunika vizuri.

*

Jumanne ile shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alinipigia.

"Shemeji, mtoto yuko kwangu analia. Hilo karatasi mpe."

"Limepotea."

"Wewe mtu wa kupoteza? Shemeji, nikuambie ukweli? Unaogopa kubaki peke yako."

"Nani kasema?"

"Dada alisema. Alikuwa anakujua. Alisema, huyu akipenda kitu anakichomelea ukutani."

Nikakata simu. Nikarudi kwenye geti la watu, nikavaa miwani. Alikuwa ameshafika, bega la kushoto.

"Umesikia anavyonisema mdogo wako?"

Akakohoa mara mbili.

"Nikimpa cheti ataona bahasha. Nikimficha bahasha atasikia grenda ikikata sanduku. Nifanyeje? Sema basi! Miaka kumi unakuja kukohoa tu!"

"Fundi wangu," akasema, "umemwandikia na yeye kwamba bado, wanasema kesho?"

Kijiti kilinidondoka, kikatoboa suruali.

Jumatano saa tano nililiburuta sanduku mpaka uani. Nikawasha grenda. Jiwe lake la kukatia lilipogusa ule mshono wangu cheche zilimwagika hadi ukutani, na mlio ulijaza mtaa. Nilikata upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nilipouanza nikaona viatu vya shule mbele yangu. Nikazima.

"Kwa hiyo hakikupotea," binti yangu akasema.

"Hakikupotea."

"Ulikifungia kwa moto?"

"Kaa chini."

"Sikai."

Nikaumaliza ule upande, nikainua mfuniko. Cheti kilikuwa juu. Nikampa. Alikisoma, akakitia kwenye faili. Angeweza kuondoka. Lakini macho yake yalikuwa yameshafika chini.

"Hiyo bahasha ina muhuri wa kliniki niliyopimwa juzi."

"Ndiyo."

"Ina jina la mama."

"Ndiyo. Kaa chini, mama."

Safari hii alikaa. Nikamwambia yote, kuanzia mwanamke wa kucha mpaka ile kunde kwenye picha. Nilimwambia nikiiangalia grenda. Nilipomaliza, kuku wa jirani alikuwa anaparua chini ya ukuta, na mimi nilimchukia yule kuku kwa kuendelea na maisha yake.

"Miaka kumi," akasema, "nimeenda shule nikijua mama aliuawa na ofisi. Niliandika hata insha."

"Ofisi nazo zilikosea! Walimfungia majibu ya kifua chake mwenyewe! Kwa gundi na mihuri!"

"Ni kweli. Walifunga kwa gundi. Gundi mtu anaibandua kwa kidole. Wewe ulifunga kwa nini, baba?"

Nikaugusa ule mshono uliokatwa, ulikuwa bado wa moto.

"Mimi juzi nilimuuliza daktari. Nikamwambia kabla hujafunga, niambie mwenyewe. Akaniambia. Mapafu yangu ni safi. Watu wanauliza, baba."

"Niliuliza."

"Uliuliza dirishani. Ukafika nyumbani, ukanyamaza."

Akainuka akapangusa sketi. Bahasha akaichukua pia, akaitia kwenye faili lake kati ya pasipoti na barua ya chuo.

"Kesho saa tatu kamili wanataka usaini ridhaa mbele ya ofisa. Njoo. Usikae karibu yangu."

*

Nilifika ubalozini saa moja na nusu. Yeye alikuwa mbele kwenye foleni, watu sita kati yetu. Niliona kisogo chake tu, nywele amezibana kama mama yake alivyozibana chini ya kofia. Namba yetu ikaitwa, tukasimama pamoja mbele ya kioo kama watu waliogombana kwenye basi.

Ofisa alikuwa kijana, tai imemkaba. Akapekua faili.

"Mama?"

"Marehemu," binti yangu akasema.

"Cheti kipo. Vizuri. Na hii bahasha ya zamani ni ya nini?"

"Hiyo ni yangu. Imeingia kwa bahati mbaya."

Akairudisha. Akanitazama mimi.

"Mzee, unaridhia aende?"

"Naridhia."

"Andika hapa kwa mkono wako na kwa maneno yako, halafu saini. Mistari mitatu inatosha."

Wanapenda kumfanya mtu wa darasa la saba aandike akiwa amesimama, kalamu imefungwa kwa kamba fupi. Niliandika polepole. Nyuma yetu mtu alishusha pumzi kwa makusudi. Nilipomaliza nikaisukuma karatasi chini ya kioo.

Ofisa akasoma kwa sauti, kwa mazoea. "Mimi baba yake naridhia binti yangu aende kusoma. Mama yake nilimzuia kwa kumficha karatasi na..." Akanyamaza, akamaliza kwa macho. Akanirudishia. "Mzee, hii ya pili haihitajiki. Ikate kwa mstari, uweke saini pembeni."

Nikaichukua kalamu. Kamba ikavutika.

"Iache," binti yangu akasema.

"Dada, haina kazi kwenye maombi yako. Inaweza kuleta maswali."

"Wakiuliza nitawajibu. Iache."

Ofisa akatuangalia mmoja mmoja. Akainua mabega, akaugonga muhuri wake juu ya maneno yangu, akaita namba inayofuata.

Nje kulikuwa na jua kali. Yeye alitangulia, mimi hatua tano nyuma kama alivyotaka. Kwenye kona ya ukuta akasimama. Nikasimama na mimi.

"Mama alikuwa bado anakupenda?" akauliza akiangalia barabara. "Mwishoni. Baada ya kujua."

"Sijui."

"Lazima kuna kitu alisema."

Kuna kitu alisema. Sijawahi kumwambia mtu, nilikuwa naona si neno la kumwambia mtu.

"Siku ya mwisho, asubuhi," nikasema, "alinishika kidevu. Akasema, nenda kanyoe. Leo watu watakuja hapa wengi, sitaki wakuone hivyo. Nikamuuliza watu gani? Akasema, nenda tu, Fundi wangu. Nikaenda kwa kinyozi. Kurudi, nikamkuta ameshakwenda."

"Alijua."

"Alikuwa nesi."

Magari yalipita. Alikuwa anauma ndani ya shavu, tabia ya tangu mdogo, na nilijua nikimgusa nitaharibu. Nikaiweka mikono yangu nyuma.

"Anakufa," akasema taratibu, "anawaza watu watakuonaje."

"Hilo ndilo nililo nalo. Jingine sina."

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alisogea akapunguza zile hatua tano, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu jana, kwa macho yale yale ya kukagua mzigo.

"Na leo hukunyoa," akasema.